Rekodi za tamthilia za jukwaani kwa wanafunzi: tuchague ipi, na tuionyesheje?

Mwalimu wa Newala

Habari za siku, wanajukwaa. Ninafundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule ya sekondari wilayani Newala, na ninaomba ushauri kuhusu jambo linalonikera kila ninapoingia darasani na tamthilia mkononi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano na sita wanaisoma tamthilia kama wanavyosoma riwaya: wanaipitia kimyakimya, wanaorodhesha wahusika na dhamira, wanakariri tamathali za semi, kisha wanasubiri mtihani. Karibu wote hawajapata kuona tamthilia iliyoandikwa ikichezwa na waigizaji waliofanya mazoezi. Ngoma wamezikulia, na filamu wanaziangalia vibandani na kwenye simu, lakini pale mwandishi anapoeleza kwamba mhusika anaingia, kwamba umati unanung'unika au kwamba watu wote wananyamaza, wao huruka maelezo hayo kana kwamba hayana kazi yoyote.

Shule sasa ina projekta na spika nzuri, kwa hiyo nimeanza kutafuta rekodi za tamthilia zilizochezwa jukwaani. Nimefikiria kuanza na Julius Caesar ya Shakespeare kwa sababu maktaba yetu ina nakala za tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ile iliyotoka mwaka 1963 na ikatolewa tena mwaka 1969, baada ya kusahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwanafunzi anaweza kuwa na Kiswahili mbele yake huku masikio yakifuata Kiingereza.

Ugumu ni kwamba rekodi zenyewe zinatofautiana mno. Ipo ya BBC ya mwaka 1979, iliyopigwa ndani ya studio. Ipo ya Royal Shakespeare Company ya mwaka 2012, ambayo Roma yake imehamishiwa katika nchi ya Afrika ya leo na waigizaji wake wote ni watu weusi. Ipo ya Bridge Theatre ya London ya mwaka 2018, ambayo sehemu ya watazamaji wake wamesimama chini, katikati ya mchezo wenyewe. Kwa mwanafunzi ambaye hajaona jukwaa, nianze na ipi? Je, niiache rekodi iende mpaka mwisho, au niisimamishe na kufafanua? Mwalimu mwenzangu mmoja anasisitiza kwamba tamthilia iliyorekodiwa si tamthilia wala si filamu, na kwamba vipindi hivyo ni bora wanafunzi wavitumie kuigiza wenyewe. Ninamheshimu, na hoja yake sijaipatia jibu. Ndiyo maana nimeileta kwenu.

Mpigapicha wa Mikindani

Mwalimu, heshima yako. Kazi yangu ni kupiga picha za video: harusi, mahafali, mikutano na ngoma za asili. Nitasema kwa upande wa kamera tu, maana ya fasihi ninawaachia wenyewe.

Mtu akikaa ukumbini, macho yake yako huru. Brutus, mmoja wa wauaji wa Caesar, akizungumza, mtazamaji anaweza kumwangalia Cassius, mwenzake katika njama hiyo, anayesikiliza pembeni. Kamera inaondoa uhuru huo, kwa sababu mtu mwingine ameshaamua utazame nini kwa kila sekunde. Ndiyo maana ninapopima rekodi ya jukwaani, jambo la kwanza ninalolitafuta ni mara ngapi inarudi kwenye picha pana inayoonyesha jukwaa zima, na kama inarudi wakati ambapo jukwaa zima lina kazi. Rekodi iliyojaa nyuso za karibu mwanzo hadi mwisho humfundisha mwanafunzi kuangalia filamu, jambo ambalo tayari analijua.

Chukua ile sehemu ya maziko ya Caesar katika tendo la tatu. Brutus anahutubia kwa nathari, anaeleza sababu zake, na watu wanamkubali. Kisha anakuja Mark Antony, rafiki wa Caesar, anahutubia kwa mashairi, na kidogo kidogo anaugeuza umati uleule mpaka unakwenda kuchoma nyumba za wauaji. Tukio hilo lina wahusika wawili, Antony na umati. Kamera ikimng'ang'ania Antony usoni, mhusika wa pili amepotea, na mwanafunzi ataondoka akidhani kwamba ameona hotuba nzuri, kumbe hakuona watu wakibadilika. Kwa sababu hiyo ninakushauri uanze na ile ya 2018 iliyoongozwa na Nicholas Hytner. Watazamaji waliosimama chini ndio wanaofanywa kuwa raia wa Roma: majukwaa yanainuka katikati yao, wanasogezwa huku na huko, na Antony anawaambia wao hasa, siyo waigizaji wachache waliovalishwa kama umati. Katika picha unaona nyuso za watu waliokata tiketi wakiwa wameduwaa. Hicho ndicho kitu ambacho studio haiwezi kukupa.

Jambo lingine ninalijua kutokana na mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mchezaji wa lipiko amevaa kinyago kilichofunika kichwa chote, na yeye huona kupitia mdomo wa kinyago hicho. Ukimsogezea kamera mpaka uso ukajaa kioo, unabaki na ubao uliochongwa, usiotingishika. Rudi nyuma, mwonyeshe mabega, shingo na miguu inayojibu ngoma, na papo hapo kinyago kinaanza kutazama, kukasirika, kuogopa. Kwa miaka mingi nimewaambia vijana wanaojifunza kwangu kwamba kinyago hupigwa picha kuanzia miguuni. Baadaye niliiona rekodi ya Oresteia ya Aeschylus, iliyoongozwa na Peter Hall kwenye National Theatre ya London mwaka 1981 na kuonyeshwa na televisheni ya Channel 4 mwaka 1983. Waigizaji wote walivaa vinyago, kama Wagiriki wa kale, na ugumu wa kamera niliukuta ni uleule: sehemu zenye nguvu ni zile ambazo mwili mzima unaonekana. Wanafunzi wako wa Newala wamekwisha kuona mapiko yakichezwa. Waonyeshe dakika chache za Oresteia, na nina hakika watazielewa haraka kuliko mtu aliyekulia mahali pasipo na vinyago.

Mwisho, usiidharau sauti. Picha yenye giza kidogo watu huvumilia, lakini sauti isiyosikika vizuri huua tamthilia kwa muda mfupi sana. Spika iwekwe chini ya pazia la picha, si nyuma ya wanafunzi, ili maneno yatoke kule ambako midomo inaonekana. Kama ukumbi una bati bila dari, angalia mvua kabla ya kupanga siku. Madirisha yazibwe kwa turubai nzito, kwa sababu mchana wa huku kwetu unafuta picha yote.

Mwanafasihi, Lindi mjini

Mpigapicha amesema vyema kuhusu picha pana. Mimi nitajibu hoja ya yule mwalimu mwenzako, kwamba rekodi si tamthilia wala si filamu. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini haitoshi kuwa sababu ya kuziacha, kwa sababu rekodi hizi si za aina moja, na kila aina ina kitu chake cha kufundisha.

Aina ya kwanza kuwafikia watu wengi ilikuwa ya sauti peke yake. BBC ilitangaza redioni Twelfth Night ya Shakespeare mwezi Mei 1923, na Januari 1924 ikatangaza tamthilia fupi iliyoandikwa mahususi kwa redio, ambayo wahusika wake wamenaswa ndani ya mgodi wa makaa ya mawe baada ya taa kuzimika. Msikilizaji hakukosa chochote, kwa kuwa hata wahusika wenyewe hawakuona kitu.

Kisha ikaja tamthilia iliyopangwa upya kwa ajili ya studio. Mfululizo wa BBC ulioanza mwaka 1978 na kumalizika mwaka 1985 ulirekodi tamthilia 37 za Shakespeare, na ile ya 1979 uliyoitaja imo humo. Maneno yake yanasikika wazi, waigizaji ni hodari, na mwanafunzi anayefuata kitabu mstari kwa mstari atanufaika. Hata hivyo hakuna hadhira, na ukimya baada ya neno zito ni ukimya wa chumba kitupu. Mimi huitumia pale tu ninapotaka wanafunzi wasikie mdundo wa mashairi.

Aina ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: rekodi ya onyesho lenyewe, hadhira ikiwemo. Mfano wa mapema ni Hamlet ya Richard Burton iliyoongozwa na John Gielgud huko Broadway mwaka 1964. Walirekodi maonyesho halisi, wakayaonyesha katika majumba ya sinema ya Marekani kwa siku mbili tu mwezi Septemba mwaka huohuo, na makubaliano yakawa kwamba nakala zote ziharibiwe baada ya hapo. Iliyotuokoa ni nakala ambayo Burton alibaki nayo. Picha yake ni nyeusi na nyeupe na ina ukungu mwingi, lakini ninakuomba, Mwalimu, uitafute hata kwa tukio moja. Gielgud aliamua kuwavisha waigizaji nguo zao za kawaida, kana kwamba wako kwenye zoezi la mwisho kabla ya maleba kufika, na jukwaa karibu halina kitu. Mwanafunzi wa shule isiyo na fedha za maleba akimwona mwana wa mfalme wa Denmark amevaa sweta jeusi na bado hadhira nzima imemezwa na maneno yake, ataacha kufikiri kwamba kuigiza kunahitaji taji la karatasi.

Utaratibu wa leo, wa kurusha onyesho moja kwa moja kwa setilaiti mpaka kwenye majumba ya sinema ya nchi nyingine, National Theatre ya London iliuanza Juni 2009 kwa Phèdre ya Racine, Helen Mirren akiwa mhusika mkuu. Kamera kadhaa hupangwa ukumbini, hufanyiwa mazoezi yake zenyewe, na mwongozaji wa picha huisoma tamthilia kabla kama mwongozaji wa jukwaa anavyoisoma. Kwa hiyo tunachokiona ni usomaji juu ya usomaji. Mwanafunzi akilielewa hilo amejifunza uhakiki, wala hapo hakuna kipindi kilichopotea.

Kuhusu ile ya 2012 iliyoongozwa na Gregory Doran, sikubali iachwe nyuma. Onyesho lilihamishiwa kwenye nchi ya Kiafrika yenye mtawala anayependwa na kuogopwa, waigizaji wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Afrika, na yule mtabiri anayemwonya Caesar amekuwa mtu ambaye mwanafunzi yeyote wa kusini atamtambua kuwa mganga. Toleo la televisheni linachanganya matukio yaliyopigwa jukwaani na mengine yaliyopigwa nje ya jukwaa, kwa hiyo halitakuonyesha jukwaa safi kama unavyotaka. Hata hivyo Paterson Joseph, anayemcheza Brutus, anafanya kile ambacho wanafunzi hukikosa wakisoma: anaonyesha mtu mwema akijishawishi hatua kwa hatua kwamba kuua ni wajibu. Ningeonyesha mazungumzo ya Brutus na Cassius kutoka hii, na maziko kutoka ile ya 2018.

Mama wa Kivinje

Mwanangu Mwalimu, salamu kutoka Kilwa Kivinje. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nimesoma yote mliyoandika kwa furaha, kwa kuwa si kila siku watu wa pande zetu hukaa wakazungumza juu ya tamthilia kwa kina hiki. Hata hivyo nina neno.

Mnazungumza juu ya Roma na London, nami siwakatazi, kwa sababu kazi nzuri ni ya watu wote, na Mwalimu Nyerere asingejisumbua kumtafsiri Shakespeare kama angeona si chetu. Lakini Ebrahim Hussein alizaliwa hapa Kilwa mwaka 1943. Tamthilia yake Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969 na kuitwa kwa jina la mhusika wake mkuu, inahusu vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vilivyoanzia katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905, na viongozi kadhaa wa vita hivyo walinyongwa hapahapa Kivinje. Mtoto wa Newala au wa Nachingwea akiulizwa ni rekodi gani nzuri ya Kinjeketile aliyoiona, atasema nini? Mhusika huyo anatakiwa asikike na aonekane katika lugha hii aliyoandikiwa.

Kizazi chetu kilijifunza kusikiliza. Radio Tanzania ilikuwa na michezo ya kuigiza, na nyumba nzima ilinyamaza ilipofika saa yake. Hatukuona uso wa mtu, lakini tulimjua nani mwongo kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kujibu. Watoto wa leo wana picha nyingi, ila masikio yao hayajafundishwa. Ndiyo maana ningeanza na sauti, na ningeanza na Kiswahili. Lichukueni tukio la mwisho la Kinjeketile, pale anapokuwa kifungoni, amepigwa, na anatakiwa aseme kwamba maji, ile dawa aliyowapa wapiganaji iwakinge na risasi, yalikuwa uongo. Yeye anakataa, ingawa mwenyewe ana mashaka makubwa juu ya maji hayo, kwa sababu anajua kwamba akikana, adui atawaambia watoto watakaozaliwa kwamba kupigania uhuru ni kosa. Wape wanafunzi wawili wasome kwa sauti, muwarekodi kwa simu, kisha darasa zima lisikilize bila kuangalia kitabu. Warudie tena na tena mpaka ule ukimya kabla ya jibu lake ukae mahali pake. Mwanafunzi aliyehangaika na ukimya mmoja kwa njia hiyo ataujua atakapouona kwa Antony.

Nimeumia niliposoma habari za nakala za Hamlet kuharibiwa, maana ninajua shule ambazo wanafunzi wake walicheza tamthilia kwa ustadi mkubwa siku ya mahafali, na leo hakuna hata sauti iliyobaki. Mpigapicha, mwanangu, wewe unarekodi mahafali. Nani anayatunza?

Mwalimu wa Newala

Shikamoo Mama. Nimekusikia, na nimebadilisha mpango: tutaanza na tukio hilo la Kinjeketile kwa sauti, ndipo tuje kwa Caesar. Kwa kweli umenipa jibu la kumpelekea mwenzangu, maana kurekodi na kuigiza vinaweza kuwa kazi moja.

Ndugu Mwanafasihi na Mpigapicha, nimekubali kuchanganya rekodi mbili kwa matukio tofauti. Nimebaki na shaka mbili. Kiingereza cha Shakespeare ni kigumu hata kwa wanafunzi wangu wazuri, na manukuu ya chini ya picha, yakiwepo, huwa ya Kiingereza kilekile. Je, nizungumze juu ya picha kama wanavyofanya wafasiri wa filamu vibandani? Shaka ya pili ni juu ya haki za wenye kazi. Sitaki kuwafundisha watoto sanaa kwa kitu cha wizi.

Mfasiri wa Kibandani, Masasi

Mwalimu, hilo la kwanza niachie mimi, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya. Katika kibanda, mfasiri huongea juu ya filamu mfululizo, anaeleza, anatania, wakati mwingine anaongeza habari zake, na watu wanapenda. Filamu ya mapigano inavumilia, kwa kuwa maneno yake ni machache na mwili ndio unaosimulia. Tamthilia ya jukwaani haivumilii. Pale maneno ndiyo tendo lenyewe, na mimi nikifungua mdomo Antony akiwa amesimama juu ya maiti, nimemwua Caesar mara ya pili.

Fanya hivi. Kabla ya kila tendo, simama mbele ya darasa, taa zikiwa zinawaka, usimulie kwa Kiswahili kitakachotokea: nani anataka nini, nani anamficha nani jambo gani. Usiogope kuwaambia mwisho. Watu waliokwenda kumtazama Caesar walijua tangu zamani kwamba atauawa, na mashaka yao hayakuwa juu ya hilo. Walikwenda kuona anafikaje huko. Kisha msome kwa pamoja hotuba moja tu kutoka tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Zima taa, anzisha rekodi, na wewe ukae kimya kabisa, usisimamishe mpaka tendo liishe. Ukiisimamisha katikati ya hotuba, hasira ya umati inapoa, na huwezi kuiwasha tena kwa kurudisha nyuma sekunde kumi.

Pia usilikate lile tukio fupi la mshairi Cinna, linalofuata mara tu baada ya maziko. Umati unamkamata kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji, naye anajitetea kwamba yeye ni mshairi, na bado haimsaidii. Halihitaji ufafanuzi wowote. Nilipoliona mara ya kwanza, kwenye rekodi isiyo na manukuu, nilielewa kila kitu.

Mwanafasihi, Lindi mjini

Ushauri wa ndugu yetu wa Masasi ni wa mtu anayejua hadhira, na ninauunga mkono wote.

Kuhusu haki, tenganisha vitu vitatu. Maneno ya Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, hayana mwenye kudai. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere bado inalindwa, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na yeye alifariki mwaka 1999. Rekodi nayo ina wenyewe: waigizaji, mwongozaji, kampuni iliyopiga picha. Kusoma na kuonyesha darasani kwa ajili ya kufundisha ni jambo moja; kutoza kiingilio, kualika mji mzima au kuweka mtandaoni ni jambo jingine, na linataka kibali. Kwa hiyo nunua au kodisha kwa njia halali. Tangu Desemba 2020 National Theatre ina huduma ya kulipia inayoonyesha rekodi zake kupitia intaneti, na taasisi nyingine zina utaratibu unaofanana na huo. Andika barua kwa jina la shule, eleza idadi ya wanafunzi na kwamba hakuna malipo, kisha uyahifadhi majibu.

Utaratibu huohuo unahusu Kinjeketile. Kurekodi tukio moja kwa zoezi la darasani hakuna tatizo. Mkitaka kuicheza yote na kuisambaza, pitieni kwa mchapishaji ili mpate ruhusa ya mwandishi, na kwa maswali ya hapa nchini ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo ya kuiuliza.

Nimekumbuka jambo moja kuhusu lugha. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe wa London ulialika tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37, na The Merry Wives of Windsor ikachezwa kwa Kiswahili na kundi la waigizaji kutoka Kenya. Nayo ilirekodiwa. Jukwaa lilikuwa tupu, waigizaji wachache wakibadilishana nafasi, na unasikia kicheko cha watu ambao wengi wao hawakujua Kiswahili. Kama utapata hata sehemu yake, ionyeshe kabla ya Caesar. Wanafunzi wasikie lugha yao ikijaza ukumbi ule.

Mpigapicha wa Mikindani

Mama wa Kivinje, shikamoo. Swali lako ni la haki. Sisi wapigapicha huwapa wenye shughuli nakala yao, na baada ya muda tunafuta ili tupate nafasi ya kazi nyingine. Tamthilia za shule zimepotea kwa mikono yetu, wala siyo kwa ubaya. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba zinatakiwa. Kuanzia mahafali yajayo, sehemu ya maigizo nitaitenga, niandike jina la shule, mwaka na tamthilia iliyochezwa, na nitampa mkuu wa shule nakala mbili, moja ikae maktaba na nyingine ikae mbali na shule, kwa sababu flashi moja katika droo haidumu.

Mwalimu, wanafunzi wakishaliweka sawa lile tukio la kifungoni, ningependa kuja Newala kulirekodi vizuri. Nitatumia kamera mbili tu: moja ibaki nyuma, juu ya meza, ikiona jukwaa zima mwanzo hadi mwisho, na ya pili pembeni, upande wa hadhira, kwa ajili ya nyuso za wanaotazama. Maikrofoni moja itaning'inizwa mbele ya jukwaa, siyo kubanwa kwenye kamera. Hadhira iwepo, na isiambiwe icheke au inyamaze wapi.

Ninaomba tu unieleze mambo matatu kabla sijafunga mizigo: ukumbi una kina gani kutoka ukuta wa nyuma hadi mbele, soketi ziko upande gani, na kama mnaweza kucheza baada ya magharibi ili tusipambane na mwanga wa madirisha.

Mwalimu wa Newala

Ukumbi ni bwalo la chakula, hatua zipatazo ishirini kwa urefu, soketi ziko ukuta wa jikoni, na bati lake halina dari. Wanafunzi wa bweni wanaweza kubaki baada ya chakula cha jioni. Nitaongea na mkuu wa shule kuhusu tarehe mvua zikishapungua, na majina ya wasomaji wa Kinjeketile nitayaleta hapa baada ya majaribio ya sauti. Mama, naomba uje uwasikilize kabla kamera hazijafika.